Uzito wa Kuelewa ni wa Nani?

Kila mitihani inapokaribia, malalamiko ni yale yale: mtoto ameambiwa akariri darasa, au mzazi ameshauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine, ili wastani usishuke. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, Januari 2023, wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa na uvivu umehalalishwa. Kinachoudhi zaidi katika ubishi huo ni dhana ambayo pande zote mbili huikubali bila kuihoji, kwamba uzito wa kuelewa ni mali ya mtoto, kama kimo chake, na shule kazi yake ni kuupima. Falsafa ya Kibuddha huing'oa dhana hiyo na mizizi yake, na hata asiyekusudia kuwa Mbuddha ana la kujifunza humo.

Maana ya mateso, tamaa na kutodumu imo katika kila kitabu cha utangulizi, tuiache humo. Linalotuhusu ni fundisho kwamba hakuna hali inayosimama peke yake: kila moja huzuka kwa sababu ya nyingine, na hizo zikibadilika nayo hubadilika. Kwa mantiki hiyo, kutoelewa hakuwezi kuwa sifa ya mtoto pekee, maana kunazuka baina yake na somo, lugha ya kufundishia, tumbo tupu la asubuhi na mwalimu. Jadi ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, husimulia habari za Panthaka Mdogo, mtawa ambaye kaka yake msomi alimpa ubeti mmoja aukariri. Miezi minne ikapita, kila mstari mpya ukimfutia uliotangulia. Kaka akamfukuza, na hakumhesabu miongoni mwa waalikwa wa chakula kwa tabibu Jivaka. Buddha hakumwongezea muda wala kumpunguzia mistari. Alimpa kitambaa cheupe akisugue huku akitaja kuondoa vumbi. Kitambaa kikachafuka mikononi mwake, naye akaelewa kutodumu kwa mambo, kiini cha fundisho zima. Akili ilikuwa ile ile. Njia ndiyo iliyobadilika.

Pingamizi linalorudiwa kwa majivuno kuliko yote ni kwamba falsafa inayohimiza kuacha tamaa haiwezi kulea mwanafunzi: mwondolee mtoto tamaa ya kuwa wa kwanza na hofu ya kuwa wa mwisho, utamkuta amelala. Wasemao hivi hawajasoma hata muhtasari wa wanachokikosoa. Juhudi sahihi ni sehemu mojawapo ya njia ya Kibuddha yenye sehemu nane. Maandiko ya Kipali hutenganisha kiu inayomfunga mtu, tanha, na nia ya kutenda jema, chanda. Ya kwanza huachwa, ya pili hulelewa. Mtawa Sona alipojitesa kwa mazoezi hadi nyayo zikatoka damu, Buddha alimkumbusha zeze alilolipiga zamani: nyuzi zikikazwa mno halilii vizuri, zikilegea mno halilii pia. Hakumwambia alale, alimwambia asawazishe. Sasa tuwageuzie swali wao: hofu huzaa nini? Mtoto anayesoma ili asiaibishwe hubobea katika jambo moja, kukwepa aibu. Atakariri, ataibia, atanyamaza asipoelewa, kwa kuwa swali lingemfichua. Mtihani ukipita, hofu huondoka na yaliyokaririwa huifuata. Yule wa kwanza naye nafasi yake imesimama juu ya kushindwa kwa wengine, hivyo mwenzake akielewa, yeye huona amepunjwa. Kiu hiyo haishibi, tena humtesa hata aliyepata. Na kama bidii ni zao la ushindani, mtoto mdogo ambaye hajasikia habari za namba moja wala namba ya mwisho anayapata wapi maswali yanayowachosha wakubwa?

Ni kweli kwamba mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumtafutia kila mmoja kitambaa chake. Ni kweli pia kwamba jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2022 halikuona mazoezi ya utulivu wa akili, yenye asili ya Kibuddha, yakiwafaa wanafunzi kuliko masomo ya kawaida ya malezi. Na wafafanuzi wa kale walisema Panthaka alizaliwa mzito kwa sababu katika maisha yaliyopita alimcheka mtawa mzito, ingawa hata hapo kosa ni kucheka.

Kuna pia Nalanda, chuo kikuu cha kale cha watawa wa Kibuddha huko Bihar, India. Xuanzang, msafiri wa Kichina wa karne ya 7, aliandika kwamba langoni palikuwa na mtu wa kuwahoji wageni, na wengi waligeuzwa. Ndani, ubishani ulikuwa ndiyo masomo, na Watibeti waliurithi: katika viwanja vya monasteri ya Sera muulizaji husimama na kupiga makofi, mjibuji huketi na kujitetea, hakuna wa kujificha nyuma ya daftari. Jadi ya Kibuddha iliyompa Panthaka kitambaa ndiyo iliyoweka lango Nalanda. Huenda lango lina haki yake kwa aliyekwisha kufundishwa; kwa mtoto wa darasa la nne sijaona hoja. Lakini ile mantiki ya hali kuzuka kwa sababu haiishii kwa wazito. Kama uzito huzuka kwa sababu nyingi, wepesi nao vivyo hivyo, na mwalimu aliyeshindwa naye ana sababu zake. Basi tutampa nani tuzo, na tutamlaumu nani?