Udongo Ni wa Nani?

Vijana wetu wa Marabo hutuuliza: Karl Marx alikufa mwaka 1883, Umoja wa Sovieti ukavunjika 1991, basi mawazo yake yatuhusu nini? Tunawajibu: angalieni chini ya miguu yenu.

Katika kitabu kidogo walichokitoa mwaka 1848, Marx na mwenzake Engels waliweka udongo mbele ya mengine yote: usiwe tena mali ya mtu mmoja mmoja, faida yake iwe ya wote. Neno hilo liliwapendeza wengi katika Afrika iliyotoka mikononi mwa wakoloni. Mobutu hakuwa mkomunisti. Alisema haendi kuume wala kushoto. Lakini Januari 1973 alikwenda China, akavutwa na mambo ya kule, na tarehe 20 Julai mwaka uleule sheria ilitangaza kwamba udongo wa nchi ni mali ya serikali peke yake. Kusema kweli Wabelgiji walimtangulia: mashamba ambayo wazee waliyaacha yapumzike, wao waliyaita udongo usio na mwenyewe, wakayatwaa. Sheria ya 1973 ingali inatumika hata leo.

Halafu, tarehe 30 Novemba 1973, mashamba makubwa na magazini ya wageni yalitwaliwa kwa jina la raia. Raia gani? Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Wakauza kilichokuwamo, magazini yakabaki matupu, na kufika 1976 serikali ikawaita wageni warudi.

Hapa kwetu Ituri jambo lilikuwa chungu zaidi. Mtu aliyejua mlango wa ofisi aliweza kupata karatasi ya kilima ambacho watu walipanda mihogo tangu babu zao. Sheria inasema miaka miwili ikipita bila mashtaka, karatasi ile haipingwi tena. Mwenye kulima angejuaje kwamba kuna karatasi? Alijua siku ya kufukuzwa. Mwaka 1999 magomvi ya namna hiyo kule Djugu yaliwasha vita vilivyoua makumi ya maelfu. Hayakuwa chanzo pekee, lakini moto ulianzia hapo.

Marx aliona vema jinsi mwenye mali anavyokula jasho la mfanyakazi. Ila mtu anayeitwa “Wote” hana mkono wa kushika jembe wala wa kutia sahihi. Lazima mwingine atie sahihi kwa niaba yake, na huyo ana tumbo.

Alisema tena kwamba dini ni afyuni ya watu. Neno hilo linatuuma. Tungeweza kumjibu kwa habari ya Simon Kimbangu: Wabelgiji walimkamata mwaka 1921, akafia kifungoni mwaka 1951. Nani angefunga dawa ya usingizi miaka thelathini? Jibu ni zuri, lakini tusilifurahie upesi. Mjane aliyeondolewa shambani akija kwetu, tukampa wimbo na maombi tu, tusiulize hata jina la aliyemwondoa, hapo Marx ametusema sisi.

Waamini wa Yerusalemu waliweka mali zao pamoja, tunalisoma katika Matendo, na vijana hupenda kutuonyesha sura hiyo. Wasome na ile inayofuata. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata feza ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Hakuna karani aliyetumwa kwake. Kugawana kulitoka kwa mwenye shamba mwenyewe.

Nasi makanisa tunaomba viwanja kwa chefu. Tunapewa karatasi, tunapiga ngoma, tunaweka jiwe la msingi. Siku ile ya ngoma, nani kati yetu aliuliza mihogo iliyong'olewa pale ilikuwa ya nani?