Mwaka Mmoja Tu, Pasta

Somo: 1 Samweli 1:20–28, 2:18–19



Mliokuwa kwenye ibada Jumapili iliyopita mtakumbuka nilihubiri juu ya Hana kumpeleka Samweli kule Shilo, na baadhi yenu mliniuliza baadaye mbona sauti ilibadilika katikati ya neno. Sikutaka kusema pale madhabahuni. Nasema hapa, na mwenye habari amenipa ruhusa mradi nisimtaje.

Siku moja, baada ya maombi ya Jumatano, dada mmoja wetu alikuja ofisini na kijana wake mdogo. Alitaka kadi nyingine ya mtoto kuwekwa wakfu. Ile ya kwanza ilikwenda na maji ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023, pamoja na kitabu cha kliniki. Hapo hakuna shida, rejista ya kanisa ilikuwa juu ya kabati na haikulowa. Nikachukua kalamu. Nilipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa akanishika mkono.

"Pasta, hapo rudisha mwaka mmoja nyuma. Mwaka mmoja tu."

Nyote mnajua hesabu ilivyo siku hizi. Mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka minne, PP2 mitano, gredi ya kwanza sita. Wa kwake alikuwa na mitatu. Na kwa vile hakuandikishwa ndani ya miezi sita tangu azaliwe, cheti chake kitatoka kwa njia ya wale waliochelewa, ambako kadi ya kanisa ni moja ya karatasi zinazoweza kuambatanishwa. Yaani nikiandika uongo mimi, uongo huo unahamia kwenye cheti cha serikali, toka hapo kwenye rekodi za shule, mpaka kitambulisho.

Nikakataa. Nilikataa vizuri, kwa upole, hata nikamwombea. Nimesomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na darasani tulifundishwa kwamba ukirudisha nyuma tarehe ya ankara ili vitabu vipendeze, huo ni wizi hata kama hakuna shilingi iliyopotea. Nilimpa na huo mfano. Hakujibu. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake.

Kusema kweli sikukataa kwa sababu ya somo la hesabu. Nilikataa kwa sababu ya shingo yangu.

Wazee mnakumbuka zamani mtoto alipimwaje kama amefika umri wa shule. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la kushoto, umeingia. Visipogusa, rudi nyumbani ukachunge. Vyangu havikufika. Basi baba, Mungu amrehemu, akanifundisha jioni kadhaa kuinamisha shingo kidogo, kidogo tu, mwalimu asigundue. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yangu yote ya nasari. Sikufundishwa kufunga vifungo vya shati wala kuomba ruhusa ya kwenda choo, nilifundishwa kuinamisha shingo. Nikaingia. Nikawa mdogo kuliko wote darasani, penseli inanishinda, wenzangu wanasoma mimi nasinzia. Darasa la pili nikarudia, kwa hiyo ule mwaka tulioiba ukarudi ulikotoka. Lakini kwenye karatasi haukurudi. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa Juni. Mama anasema nilizaliwa wakati wa maembe, na si mwaka huo. Hata cheti changu cha ndoa, nilichoweka sahihi mbele za Mungu na mbele yenu, kina tarehe isiyo kweli, na sasa sina namna.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alidhani ananipa mwaka mmoja wa ziada.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa kanisa kisa cha yule dada, akanirudisha kwenye Kutoka sura ya kwanza. "Pasta, Shifra na Pua walimdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema. Sasa huyu mama akidanganya karani, tofauti iko wapi?" Ni swali zuri na lilinikosesha usingizi. Jibu nililopata ni hili. Wale wakunga walidanganya kumwokoa mtoto na kifo, na kama Farao angegundua, shingo ambazo zingekatwa ni zao. Waliubeba uongo wao wenyewe. Huu wa mwaka mmoja anatunga mama, naandika mimi, halafu tunambebesha mtoto wa miaka mitatu, ambaye hakuulizwa na atautembeza maisha yake yote. Mimi nimezoea kuuliza kila jambo linalipwa na nani, na hapa anayelipa ni aliye mdogo kuliko wote.

Nikaridhika na jibu langu. Nilikuwa nimeshaanza hata kuliandalia mahubiri.

Yule dada hakuonekana kanisani Jumapili tatu. Kwa hiyo siku moja asubuhi, mnamo saa nne, nikachukua boda mpaka kwake. Mlangoni alikuwa binti yake wa gredi ya nne, amevaa sare ya shule, amembeba yule mdogo kiunoni, sufuria ya uji imeinjikwa mekoni. Shule inaendelea, yeye yuko nyumbani. Nikamuuliza anaumwa. Akasema, "Hapana, pasta, leo ni zamu yangu." Zamu yake na nani? Hakuna mwingine. Mama anaondoka alfajiri kuchukua samaki mtoni ili awahi soko la Garsen, na mto una mamba, hawezi kumpeleka mtoto pale. Baba yao yuko Mombasa, na simu yake hushika mara moja moja. Siku za soko msichana anabaki. Siku nyingine mdogo anaachwa kwa jirani, jirani akiwa na nafasi.

Ile PP1 haikuwa tamaa ya mama anayetaka mwanawe awashinde wa wengine. Alikuwa anatafuta mahali pa kumweka mmoja ili mwingine asome.

Nilirudi kwa miguu, jua lile, na swali langu mwenyewe likanigeukia. Uongo wake angelipa mtoto mdogo. Ukweli wangu je, analipa nani? Analipa msichana wa gredi ya nne. Mimi sikulipa hata senti. Nilikuwa nimesimama upande wa haki na bili nimempelekea mtu mwingine.

Ndipo nikamsoma Hana upya. Tunamsifu kwa kumtoa Samweli, lakini kwanza alikataa kumpeleka. Elkana alipanda kwenda Shilo na jamaa yake yote, Hana akasema hapana, mpaka mtoto aachishwe ziwa. Wafafanuzi wengi wanasema kwa siku zile hiyo ni miaka kama mitatu. Na mumewe akamwachia afanye aonavyo vema. Hana aliweza kungoja kwa sababu kulikuwa na nyumba ya kungojea. Kulikuwa na Elkana, kulikuwa na unga, kulikuwa na ng'ombe wa kwenda kuchinja siku ikifika. Mwanamke asiye na Elkana tunamwambia angoje na nini?

Na hata baada ya kumkabidhi hakunawa mikono. Kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Fikirini, hakuwa anamwona kila siku, ila alikisia urefu wake. Huyo ni mama anayejua umri wa mtoto wake.

Mwalimu mmoja wa chekechea aliniambia jambo ambalo wazazi mtalipokea kwa shida. Alisema yeye hahitaji mtoto anayejua ABC. Anataka anayeweza kusema "nataka choo", kuvua viatu, kula peke yake, na kukaa saa chache bila kumlilia mama. Na anayeweza kukaa mkeka mmoja na mtoto wa jirani bila kumwita jina alilosikia kwao. Hapa kwetu Delta, baada ya damu tuliyomwaga mwaka 2012, Wapokomo na Waorma, hilo la mwisho lisichukuliwe kama kitu kidogo. Na wale mnaowakaririsha watoto usiku kwa ajili ya intavyuu, jueni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpima mtoto kwa mtihani ili imkubali, isipokuwa kujua imweke daraja gani.

Nirudi kwa yule dada. Kadi nimeiandika, kwa mwaka wa kweli, na safari hii nimempelekea mwenyewe mpaka nyumbani. Aliipokea bila kunishukuru, na sikustahili shukrani. Halafu nikapeleka jambo kwa wazee. Chumba chetu cha Sunday school kinafungwa siku sita kwa wiki. Mikeka ipo, choo kipo, maji yapo isipokuwa pampu ikiharibika. Mzee mmoja aliuliza, mtoto akiumia hapo nani atajibu? Ni swali la haki na bado hatujalimaliza. Mwingine akauliza kama tutapokea na watoto wasio wa kanisa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, na pengine nilikosa adabu.

Tumekubaliana tuanze na siku za soko peke yake, asubuhi mpaka saa saba. Mama wawili wamejitolea, wanatakiwa wanne. Gunia la unga wa uji limepatikana, sukari bado. Leo baada ya ibada ya pili nitakuwa pale mlangoni na daftari. Mwenye mtoto ambaye hajafika miaka minne aje aandikishe jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Na mwenye asubuhi moja ya kutoa aje pia, kurasa zake ziko upande wa nyuma.