Je, Kazi ya Mikono Haina Akili?

Mara nyingi husikika wazazi wakimwambia kijana wao, "Soma mwanangu, usije ukaishia kufanya kazi ya mikono." Maneno hayo yana huruma ndani yake, kwa maana kazi ya mikono inachosha na malipo yake ni haba. Lakini yamebeba pia hukumu: kwamba akili hukaa kichwani tu, na mkono ni chombo kisicho na fikira. Yafaa tuipime hukumu hiyo, kwa sababu siku hizi amepatikana shahidi asiyetazamiwa wa kuipinga, naye ni mashine.

Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Wengi walidhani kwamba mashine iliyoweza hilo haitashindwa na kazi za nyumbani. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, walipoifundisha roboti kukunja taulo, ilitumia zaidi ya dakika 20 kwa taulo moja. Roboti zimeendelea tangu hapo, ila kazi hizi bado zinazisumbua. Hans Moravec, mtaalamu wa mambo hayo, alikwisha kuliona jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 alieleza kuwa ni rahisi zaidi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika michezo ya kufikiri, kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea.

Sisi wa Unguja hatuna haja ya kwenda Berkeley kutafuta mfano. Tumtazame mchumaji wa karafuu. Hupanda mti mrefu, akalivuta tawi polepole, maana matawi ya mkarafuu huvunjika upesi. Kwenye tawi hilo huchagua vishada vilivyojaa, vinavyoanza kuacha rangi ya kijani na kuingia wekundu, kabla maua hayajachanua. Karafuu ikishachanua, thamani yake imepungua. Upepo unalitikisa tawi, majani yanaficha vishada, wala hakuna vishada viwili vinavyofanana. Jioni watu huketi kuchambua, wakitenga karafuu na makonyo, huku wakizungumza bila hata kutazama vidole vyao. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi. Mpaka leo karafuu zetu huchumwa kwa mkono.

Kwa nini kazi hiyo ni ngumu kwa mashine? Mkono una mifupa 27, na katika kiganja na vidole mna vihisio vya kugusa vipatavyo 17,000. Kikombe kikianza kuteleza, vidole hukaza kabla mwenyewe hajatambua. Tena ujuzi huu haumo katika maneno. Mwulize mchumaji anatumia nguvu kiasi gani kulivuta tawi. Atakuonyesha, lakini hataweza kukueleza. Na lisiloelezeka ni taabu kuliandikia kanuni za kuifundisha mashine. Sataranji ina kanuni zake wazi. Tawi la mkarafuu halina.

Ndivyo ilivyo hata kwa akina mama wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwaka 1989 wamekuwa wakilima mwani. Huinama majini wakati wa maji kupwa, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Wakikaza mno, kipande hukatika. Wakilegeza, mawimbi hukichukua. Vidole vyao vinajua mpaka uliopo katikati.

Basi hukumu ya kwanza imeanguka: kazi ya mikono ina akili nyingi, ila ni akili isiyojitangaza. Lakini tujihadhari tusije tukaanguka upande wa pili. Mtu aweza kusema, "Tumheshimu mchumaji kwa kuwa roboti haimwezi." Je, siku roboti itakapoweza, heshima yake itakwisha? Ikiwa thamani ya mtu ni kile ambacho mashine haijaweza, basi thamani hiyo ni ya kukopa, na siku ya kuirudisha yaweza kufika.

Sisi tunaosali Mkunazini tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Kanisa Kuu letu limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hapo binadamu alikaguliwa na kutiwa bei kwa nguvu za mwili wake. Kosa la soko lile halikuwa kwamba bei ilikuwa ndogo mno. Kosa lilikuwa kumtia mtu bei.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kazi yapasa kulipwa kwa haki, na ujuzi uliofichika kwenye vidole uhesabiwe katika malipo. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Bei ya karafuu inapopanda, mwenye shamba na ajiulize kama fungu la aliyepanda mtini limepanda pia. Ama heshima ya mtu, hiyo haipimwi kwa pishi, wala haingoji kushindwa kwa roboti. Na mzazi anayemhimiza mwanawe kusoma, anafanya vema. Ila asimfundishe kumdharau aliyemchumia karafuu zilizolipa ada ya shule.