Jibu la Mwaliko ni Haki ya Mwenyeji

Ndugu msomaji, ukiletewa kadi ya walima na kuombwa ujibu kabla ya siku fulani, nawe ukanyamaza hata siku hiyo ikapita, je, umemdhulumu mtu? Wengi watasema hapana, maana hawakuahidi kitu. Lakini na tulitazame jambo hili kwa makini.

Mwenye karamu hupima mchele na nyama kwa idadi ya wageni. Asiyejibu humtia mashakani: akihesabiwa asifike, chakula huharibika, asipohesabiwa akafika, mwenyeji huaibika. Tena mahali palipowekwa bure pangeweza kupewa maskini, na Mtume Muhammad s.a.w. amefundisha kuwa chakula kibaya kabisa ni kile cha walima ambayo matajiri hualikwa na maskini wakaachwa.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Abu Shuaib, Mwansari, aliyeagiza chakula cha watu watano, akamwalika Mtume s.a.w. na wenzake wanne. Njiani mtu wa sita akawafuata. Mtume s.a.w. hakumwingiza kimya kimya, bali alimwarifu mwenyeji kwamba mtu huyu amewafuata. Akipenda amruhusu, asipopenda arudi. Abu Shuaib akamruhusu. Tafakari, ndugu: Mtume wa Mungu mwenyewe aliiheshimu hesabu ya mwenyeji, hata kwa mtu mmoja tu aliyezidi!

Wako wasemao "Inshallah" wakidhani wamekwisha jibu. Neno hilo tukufu, kama Sura Al-Kahf inavyofundisha, huambatana na nia ya kutenda. Halikuwekwa kuficha ukosefu wa nia. Alitamkaye hali moyoni ameazimu kutokwenda, amelifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa pazia la uwongo.

Pengine utauliza: "Nisipojua kama nitapata nafasi, nijibu nini?" Mwambie mwenyeji hivyo hivyo, tena mapema. Kuitikia mwaliko ni miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya mwenziwe, lakini mwenye udhuru wa kweli halaumiwi. Lawama ni ya yule aliyeuficha udhuru wake mpaka sufuria zikawa jikoni.

Basi ikiwa nyumbani mwako imo kadi isiyojibiwa, ijibu leo. Ukisema "nitakuja", nenda. Ukisema "sitaweza", waombee maarusi baraka. Yote mawili ni majibu ya muungwana. Kimya si jibu.