Mkataa Kwao

Tangu utotoni tunaambiwa mkataa kwao ni mtumwa. Sawa. Lakini je, kama huko kwao ndiko kwenye utumwa wenyewe? Akikataa ni mtumwa, akikubali ni mtumwa. Afanyeje?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Mwaka jana ilikuja posa ya mdogo wangu, na kwetu Unguja posa haipiti bila ya kuulizana asili. Ami akatoa ile karatasi ya nasaba, hati za Kiarabu, majina saba, yote ya wanaume, fulani bin fulani mpaka ng'ambo ya bahari. Wageni wakaridhika, kahawa ikapita. Mimi nikajiuliza: hivi hawa wanaume saba walizaana wenyewe kwa wenyewe?

Nikaanza kuchimba. Nilikwenda Nyaraka, kule Kilimani, nikatafuta habari za watumwa walioandikishwa uhuru baada ya amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897. Wapi! Baadaye ndipo nikafahamu kwamba amri ile iliwaacha nje masuria. Wao walihesabiwa kama wake wa mabwana zao, wakangoja mpaka 1909. Mtoto wa suria alizaliwa huru, akachukua jina la baba na fungu lake la urithi. Mama yake kwenye karatasi yetu hana hata mstari mmoja.

Nikamwendea Bibi, nikamuuliza juu ya bibi yake mzaa baba. Akaendelea kuchagua mchele, kimya. Halafu akasema, "Alitoka bara, Nyasa huko. Alinunuliwa. Basi, ushajua. Funika kombe mwanaharamu apite, mjukuu wangu."

Hapo ndipo penye kazi, msomaji mwenzangu. Bibi ana haki yake. Mdogo wangu angeweza kukosa mume kwa udadisi wangu mimi. Na wale waliofunika hawakuwa wajinga, walitaka watoto wao wasitukanwe mitaani.

Lakini kila nikiwaza, kitu kinanikaa kooni. Yule mama hakutuomba tumfiche. Sisi ndio tuliomficha. Na tazama tulivyoigawa aibu: aliyenunua mtu tumemwandika kwa wino, tunamtandaza mbele ya wageni, aliyenunuliwa ndiye tunayemwonea haya. Kosa lake lipi? Kama aibu ipo katika ukoo wetu, jamani, haikutoka upande wake.

Kwa wakwe sikwenda, hao hawanidai kitu. Mdogo wangu ananidai, maana damu ile ni yake pia. Nilimwambia usiku mmoja umeme umekatika. Alinyamaza mpaka nikajuta. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, na kuchimba kwangu kote, sikuwahi kumuuliza Bibi: "Jina lake nani?"

Asubuhi tukaenda sote wawili. Bibi alitutazama sana, kisha akalitaja, polepole, kama mtu anayefungua fundo la kanga. Akasema alikuwa amebaki yeye peke yake anayelijua.

Nimeliandika kwenye nakala yangu. Kwenye ile ya Ami bado halimo, na wakwe wataambiwa au hawataambiwa, shauri la mdogo wangu. Lakini mkataa kwao sasa namjua: ni yule anayechagua babu wa kumkubali na bibi wa kumkana.

Nawe, hebu itazame karatasi yenu. Kina mama wako wapi?