Salio la Fidia ni la Nani?

Watu wengi wakimshtaki mmoja, kisha wakapatana naye, kazi haijaisha. Hubaki mgawaji wa fidia, asiye mdai wala mdaiwa, ambaye huandika orodha, hupima ushahidi, na kumpa kila mtu fungu lake. Salio nalo hubaki mkononi mwake.

Kwetu ziwani swali la salio lilikuja pasipo mahakama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Rambirambi zilichangwa, wafiwa na manusura walipokwisha kupewa, serikali iliamua kilichosalia kijenge wodi katika Kituo cha Afya cha Bwisya, kisiwani humo humo.

Nani ataibeza wodi kisiwani, hasa usiku wa dhoruba? Hata hivyo nasita. Mgawaji ni mshika amana: kazi yake ni kufikisha, si kuchagua. Tena salio si ziada daima. Mjane ambaye ndoa yake haikuandikwa popote, au yatima aliyehamishiwa kwa shangazi mbali na tangazo, huenda fungu lake limo humo. Sisemi kwamba Ukara walikuwapo watu wa namna hiyo. Nasema mgawaji hana budi kupanda mtumbwi na kuwatafuta kabla ya kuamuru tofali la kwanza lipangwe.