Foleni ya herufi

Hivi, kusoma riwaya kwa kufuata alfabeti ni haki au ni uvivu wa kuchagua? Mmarekani mmoja, Phyllis Rose, aliingia maktaba moja ya New York, akashika rafu moja tu ya riwaya, kuanzia LEQ hadi LES, akaisoma. Kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo, The Shelf, kilitoka 2014. Tangu nisikie habari zake nami nimeanza yangu, kwa riwaya za Kiswahili.

Huku Rubwera kitabu hukufikia kwa sababu kuna mtu amekisifia. Mtu anatoka Bukoba, anakwambia hiki kizuri, unasoma. Sina ugomvi na utaratibu huo, ila kusema kweli humpa aliyekwisha kusifiwa. Yule ambaye hakuna aliyemtaja atatajwa lini? Alfabeti ni kama foleni ya zahanati: haiulizi wewe mtoto wa nani.

Lakini foleni nayo ina wanaofika mapema. Ukianza na A unakaa Zanzibar: Abdulla wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kisha Adam Shafi, kama mkutubi kamweka kwa Adam. Majina yenye asili ya Kiarabu yanaanza na A kwa wingi. Majina yetu ya Kagera yamejazana kwenye K, M na R, kwa hiyo anayechoka mapema ataondoka akidhani bara hatuandiki. Mulokozi, wa mkoa wetu huu, yuko mbali huko M.

Halafu hilo jina la ukoo lenyewe! Huku ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa Rwegasira, Kemilembe na Mugisha, kila mtu na lake, mpaka shule iwabandike la baba. Shaaban Robert unamtafuta S, unaambiwa yuko R. Utaratibu unaodai kutombagua mtu umeshaamua kila mtu aitweje.

Bado naupenda, na sababu ni K. Pale Katalambulla na Simu ya Kifo (1965), riwaya ya upelelezi, anabanana na Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake (1971) iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Walimu wangu wasingewaweka hawa benchi moja hata kwa dawa. Nikisoma mmoja baada ya mwingine sikupata nafasi ya kuvaa uso wa "sasa nasoma fasihi". Simu ya Kifo nikaipa umakini ambao peke yake nisingeipa.

Anayefuata ni Kitereza, wa Ukerewe kama Kezilahabi. Alimaliza hadithi ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ilikuja kuchapwa 1980, kwa Kiswahili alichotafsiri mwenyewe, naye akafariki 1981. Sasa, miaka yote hiyo 35 foleni yangu ya haki ingemfaa nini? Hakuwemo. Alfabeti humtendea sawa aliyekwisha ingia mlangoni. Mlango wenyewe una bei, na lugha ni sehemu ya bei hiyo. Mwenye riwaya ya Kinyambo kichwani, jirani yangu labda, hana herufi ya kusimama.

Mtaniambia maisha mafupi, vitabu vibovu vya nini. Nawaelewa. Nimejiwekea kurasa 30 kwa kila mwandishi, baada ya hapo niko huru kumwacha. Nadhani huo ndio ukubwa wa deni langu kwa mtu nisiyemjua: kumsikiliza kidogo kabla sijamkataa. Kumpenda ni suala jingine.

Na foleni yenyewe siiheshimu sana. Nilichungulia R nikamkuta Ruhumbika, naye wa Ukerewe, ambaye ndiye aliyemtafsiri Kitereza kwa Kiingereza. Nimemvuta hadi K, nasoma wawili hawa pamoja. L itasubiri.